Mguu wa Manyanda na Mikono ya Mkamwana

Mwaka umetimia, Baba Shadrack, tangu ulipotuacha, na mimi bado nimechoka. Watu husema uchovu wa kuuguza unaisha mgonjwa akishapumzika. Waongo. Nakaa tu, mchana kweupe, nasikia uzito mabegani kama vile bado nakushikilia ujifunze kusimama.

Ulikuwa mtu wa ng'ombe. Tulihama nao kutoka Usukumani mpaka Kasansa, wewe mbele na fimbo, mimi nyuma na vyombo na watoto. Hukujua kukaa. Mtoto wa jirani akiugua, wewe ndiye wa kwanza kupeleka maziwa, tena unayaacha mlangoni unaondoka kabla hujashukuriwa. Na ubishi ulikuwa nao, Mungu anisamehe! Ulipoambiwa una ugonjwa wa sukari ulicheka. "Sukari gani, mimi mtu wa maziwa?"

Kisha msumari wa katambuga ukatokeza kwa ndani. Ulichunga kutwa nzima na viatu vile vya tairi, msumari umezama kwenye unyayo, usisikie kitu, maana miguu ilishakufa ganzi. Damu niliiona mimi, uani, ulipokuwa unavua. Tulipokufikisha Mpanda, kwa mwanetu Shadrack, daktari akasema kidonda kisipofunga, mguu utakatwa. Ukanishika mkono. "Mama Shadrack, usikubali nizikwe nusu."

Dawa ulipewa. Ila daktari alitaka na mazoezi ya viungo: kifundo kikunjwe, vidole vinyooshwe, damu ifike chini, ujifunze kusimama bila kukanyagia kidonda. Na mtaalamu wa kazi hiyo, ee Mungu wangu, ni Lusia, mke wa Shadrack, mkamwana wetu! Mwingine hakukuwepo. Ukaruka: "Yaya! Hapana! Mkwe ashike mguu wangu? Bora uoze." Wewe ambaye hata kukaa naye chumba kimoja ulikuwa hukai, na chakula chako alikiweka mlangoni akapiga goti akaondoka.

Kidonda hakikungoja heshima zenu. Kilianza kunuka. Shadrack akaenda Kasansa kumleta kaka yako Malale, naye akasema mwiko uliwekwa na watu, na watu wanaweza kuufungua. Mbuzi akachinjwa, Lusia akanawa mikono mbele ya ndugu zako, ukakubali. Lakini uso ukaugeuzia ukutani, shuka mpaka masikioni.

Basi mkawa mnaongea kupitia kwangu, na wote tumo chumba kimoja.

"Mama Shadrack, mwambie mkamwana asivute sana."

"Mama, mwambie baba asikaze vidole."

"Mwambie sikazi."

"Mwambie anakaza."

Jamani! Nilichoka kuwa simu yenu. Siku nyingine nilicheka, siku nyingi nililia. Asubuhi tunakusimamisha, jioni tunakusimamisha. Lusia kutwa ameinamia miguu ya wagonjwa wengine wa sukari, anarudi nyumbani anainamia ya kwako, anakagua unyayo na katikati ya vidole kama mtu anayechambua mchele. Ulichoka, alichoka, nilichoka. Kuna wiki tulinuniana nyumba nzima. Lakini harufu ikaisha, nyama mpya ikaanza kuota, na wewe ukaanza kwenda mwenyewe hadi getini na viatu laini vya kufunika vidole, ukisalimia wapita njia kwa sauti ili waone umesimama.

Tulilinda mguu, presha ikapita mlango wa nyuma. Kiharusi kilikuchukua asubuhi, umekaa kitandani unafunga viatu uende getini. Msibani watu walinong'ona, maskini Lusia, kazi yote ile imekwenda bure. Hata mimi nilisema hivyo, Baba Shadrack. Nilikuwa sina nguvu ya kusema lingine.

Wanaume waliokuosha walipotoka, Malale, mmoja wao, alikuja moja kwa moja jikoni alikokuwa Lusia. Na yeye ni mkwe wake vilevile, kwa mila alipaswa anitume mimi. Hakunitazama hata. Akachuchumaa mbele yake akamwambia, "Mwanangu, kidonda kimefunga chote. Tunamzika mzima." Lusia akafunika uso kwa ile mikono yake, akalia mpaka tukamshika.

Unakumbukwa na mimi mkeo Minza, mwanao Shadrack, kaka yako Malale, wajukuu zako wote, majirani wa Kasansa na wa Mpanda, na mkamwana wako Lusia, ambaye siku hizi tukikutaja husema "baba yangu."

Pumzika, Manyanda, na miguu yako yote miwili. Hatutakusahau kamwe.