Karatasi ya Watu wa Kigoma

Alhamisi, saa kumi alasiri. Vumbi.

Kiangazi kimeingia. Tangu asubuhi vumbi limekaa juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa. Nimekaa nyuma ya nyumba, hapa mtaa wa Bwiza, Bujumbura, daftari gotini. Mstari huu nimeuanza mara tatu. Naandika labda nitatulia.

Si kawaida yangu. Mimi ni Ramazani, fundi wa kuchomelea nambari moja kuanzia Uvira mpaka Kigoma, na hata Lubumbashi wananijua, hasa akina mama wauza chakula. Naongea lugha saba, ya nane huja yenyewe nikifika chupa ya tatu, Mungu anisamehe. Nimeunga vyuma ambavyo Wazungu walisema vikatupwe. Mkono huu haujawahi kukataa kazi mbele ya moto.

Leo unaikataa kalamu.

Kiwanda chetu kinafungwa. Sisi hutengeneza mabodi ya mabasi na malori: chasi inashuka melini ikiwa uchi, tunaivika nguo, tunaipaka rangi, inatoka getini ikipiga honi kama bibi harusi. Mtaa mzima unakula kupitia geti lile. Wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wauza chai, mshona viatu, hata yule mchungaji anayehubiri pale nje kila mwisho wa mwezi. Lakini huu ni mwaka wa pili tangu rais auawe na vita ianze, na nani ataagiza basi la kupandisha mlima wa Bugarama wakati kule juu mabasi yanachomwa kuwa majivu? Mwaka jana nilisema: sisi tunachomelea, wao wanachoma. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Juzi nikarudia utani uleule, wakaniangalia kama nimekohoa msibani.

Patron wetu, mwenye kiwanda, Mzee Salumu, ni Mwarabu aliyezaliwa hapahapa Bujumbura, anajua kutukana kwa Kirundi kuliko Warundi wenyewe. Ameamua kuhamishia mashine Kigoma. Meli inaondoka Jumamosi. Nafasi ni za mafundi kumi na wawili aliowachagua, mimi nikiwemo, na familia zao. Tuliobaki kazini tunapita arobaini. Wengine wote watabaki hapa na ufundi wao mkononi, kama funguo za nyumba iliyobomolewa.

Jumanne akaniita ofisini.

"Ramazani, we unajua kuandika. Niandikie majina ya wale kumi na mbili."

Majina tu. Ndivyo alivyosema.

Mimi nikaona majina tu ni kazi ya mvivu. Nilisoma hadi darasa la nane, nikaacha kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha (ndivyo huwa nasema, ukweli ni kwamba hesabu ilinishinda). Nikanunua karatasi kubwa, kalamu nyekundu ya vichwa vya habari na ya bluu ya maelezo, nikaazima rula. Nikapiga mistari. Jina, mtaa (sisi husema kartie), avenue, nambari ya nyumba, idadi ya watoto. Nilifikiri hivi: lori litazunguka alfajiri ya Jumamosi likiwachukua watu majumbani, kwa nini mama wa watu abebe masufuria kichwani mpaka bandarini? Kwa hiyo asiye na nambari ya nyumba nilimwandikia alama. Evarisiti, fundi umeme, Kanyosha, nyuma ya kisima, mlango wa bluu.

Nikaibandika kwenye mlango wa stoo kwa uji wa muhogo. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Wenye majina waliyagusa kwa kidole. Wasio na majina nao walisoma, mstari kwa mstari mpaka chini. Nikadhani wanafurahia mwandiko wangu.

Leo asubuhi karatasi haipo.

Haikuchanwa. Mtu aliilowesha maji, akaibandua polepole, akaenda nayo ikiwa nzima. Mlangoni imebaki alama nyeupe ya uji. Nikafanya kazi yangu ya siku zote, nikasema labda yule mama muuza karanga wa getini amekwenda nayo kufungia karanga zake, leo wateja watasoma huku wanatafuna. Hakuna aliyecheka. Mzee Gerivazi, fundi rangi wetu, mkubwa kuliko sote, aliweka brashi chini.

"Ramazani, mwana wangu. Uliandika majina?"

"Niliandika, Mzee."

"Na pahali tunalala?"

"Niliandika. Na mulango."

Akafuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, kama ana siku nzima.

"Mi tangu vita ianze sijaambia hata padiri wangu pahali ninalala. We umebandika kwa mulango."

Nikageuka, nikaanza kuifuta ile alama nyeupe ya uji kwa kiganja.

Maana nilijua. Hapa nani hajui? Kartie hii imebaki ya hawa, ile imebaki ya wale, na ukitaja unapokaa umeshasema wewe ni nani. Vijana wanaoua huja na majina kwenye karatasi, hawaji kubahatisha. Mtoto wa miaka saba hapa Bwiza akiulizwa anakaa wapi, kwanza anamtazama vizuri anayeuliza. Nilijua yote hayo, na bado nikachukua rula.

Ni kwa sababu ya kiburi, wacha niandike neno lenyewe. Babu yangu alitoka Manyema, mimi Muswahili, si Muhutu si Mututsi, na nimeishi na vita hii kama mechi ya timu mbili ambayo mimi nauza karanga pale mlangoni. Naingia kila kartie. Nasalimia huku, nakula kule, natoa sigara, napita. Gerivazi ni Mututsi, Evarisiti Muhutu, na mchana wanakula ndagala kwenye sahani moja wakigombania pilipili. Kwenye karatasi yangu niliwapanga vilevile, mmoja chini ya mwingine. Nikaona nimetengeneza kitu kizuri.

Mzee Salumu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema lori halitazunguka tena, na mimi niende kwa wote, leo hii, wasilale majumbani kwao. Waje kiwandani na watoto. Kuna lile basi la mwisho ambalo halina magurudumu wala viti. Watalala mle ndani mpaka Jumamosi, na geti atalifunga mwenyewe.

Wale waliokuwa kazini walikimbilia kwao. Mimi nikapanda baiskeli kwa ajili ya wale walioruhusiwa kubaki nyumbani kufunga mizigo. Buyenzi. Nyakabiga. Mutanga Nord, kwa binti yake Gerivazi, maana magoti ya mzee hayaendi mbio. Wanawake hawakuuliza maswali. Walianza kufunga vitenge nikiwa bado naongea. Mmoja tu, mke wa fundi bati, aliuliza:

"Nani aliandika?"

"Ni mi, dada."

Akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha wageni.



Evarisiti nilimwacha mwisho kwa sababu Kanyosha ni mbali. Hajaja kazini tangu Jumatatu, mkewe amejifungua. Hajui kama karatasi ilibandikwa, sembuse kwamba imechukuliwa. Nilipopita Musaga, kartie iliyobaki ya Watutsi, nikakuta gogo limelazwa barabarani na vijana wamekaa juu yake. Si kitu kigeni, nimepita magogo mengi. Nikatoa sigara na utani wangu wa siku zote, wa mbuzi na gavana. Wawili wakacheka. Wa tatu, mwenye miwani ya jua, akaomba kitambulisho, akakisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

"Aa, ni we Ramazani? Wa Bwiza, avenue ya tano?"

"Ni mi, petit, kijana wangu."

"Unaandika muzuri, vieux, muzee wangu. Kama secrétaire wa ofisi." Akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Ishia hapa, rudi kwako. Uyu wa mulango wa bluu usisumbuke, tutamusalimia sisi."

Kitambulisho changu hakina avenue.

Niligeuza baiskeli. Nilikanyaga pedali mpaka Bwiza nikisikia mgongo wangu wote, kila mfupa, kama umechorwa kwa kalamu nyekundu.

Sasa nimekaa hapa nahesabu. Kumi na mmoja, pamoja na mimi, tumepona leo au tunaelekea kupona. Ungeniuliza mwezi uliopita, ningesema kumi na mmoja kati ya kumi na wawili ni kazi safi. Kwenye bodi la basi, riveti moja ikikosekana, abiria hajui. Lakini hii moja ina mke aliyejifungua na mtoto ambaye hata jina hajapewa. Mtoto huyo hayumo kwenye karatasi. Kwenye safu ya watoto niliandika wawili. Hilo ndilo kosa pekee la mwandiko wangu, na ndilo linaloniuma kuliko yote, sijui kwa nini.

Niende kwa askari, ambao nao wana upande wao? Itabidi niwatajie mlango wa bluu, na hapo nitakuwa nimeandika karatasi ya pili. Nitume mtu? Nani, na nimwambie nini, na yeye atamwambia nani? Nimejaribu kujidanganya kwamba kijana wa miwani alikuwa ananitania. Mimi ni mtu wa utani, najua utani. Ule haukuwa.

Mama Fatuma, mke wangu, amemaliza kufunga vyombo. Atakwenda kiwandani na watoto sasa hivi, jua likiwa bado juu. Nilimweleza yote, na la gogo pia, na kwamba lazima mtu afike kwa Evarisiti kabla ya usiku. Nilitegemea atalia au atanikataza, na nitakiri hapa kwamba nilikuwa natamani anikataze. Akaenda kwa jirani akarudi na jembe, kuukuu, mpini umepasuka.

"Pita chini, Kinindo, kwa mashamba ya mboga. Baiskeli acha, wanaijua. Vaa ile shati ya kuchanika."

"Mama Fatuma, mi jembe nimeshika lini?"

"Leo. Na usikimbie, baba. Mutu akikimbia katika mji hii, wanataka kujua anakimbia nini."

Mtu anayetoka shamba na jembe begani, amechoka, hakuna anayemwangalia. Ni kweli. Miaka yote nimetafuta kuangaliwa.

Meli ikiondoka bila mimi, Mzee Salumu atapata mchomeleaji mwingine Kigoma, wako wengi, na wengine (hili sijawahi kulisema) wananizidi. Mke wangu na watoto watapanda hata hivyo. Nimemwapisha.

Jembe ni zito kuliko nilivyodhani. Kutoka hapa mpaka Kanyosha kupitia chini ni saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka, na giza linaingia saa kumi na mbili na kitu. Ninakwenda. Nitatembea kama mtu asiye na haraka.