Simu Haikuuliza Mara ya Pili

Mikumi, Jumanne. Kijibaridi cha mwezi wa sita. Mawingu yamelala juu ya milima na hayataki kuamka. Mimi pia.

Nianze kwa kujitambulisha, maana huenda umeingia humu kwa bahati mbaya. Mimi ndiye Injinia Kondo. Kuanzia Kilosa mjini mpaka Ruhembe hakuna ardhi ambayo jembe langu halijaigeuza. Misafara ya wakubwa wa nchi hii, ikipita kwenda Iringa, hupunguza mwendo mbele ya nyumba yangu. Wenye wivu wanasema ni kwa sababu ya matuta. Sawa. Na matuta yaliwekwa mbele ya nyumba ya nani?

Uinjinia wangu sikuusomea. Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano nilikaa karibu na mlango. Lakini trekta nimeendesha miaka kumi na tisa, trekta moja tu, jekundu, la tajiri mmoja wa Kilosa. Nimelima Kilangali. Nimelima Tindiga, kwenye tope la mpunga ambalo wenzangu walizama mpaka kwenye taa. Siku moja tembo alisimama katikati ya njia, nikampigia honi mara moja, akakaa chini kama mwanafunzi aliyekosa jibu. Hiyo nimeisimulia kijiweni mpaka wanywa kahawa wanaimalizia wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka jana tajiri alifariki. Mwezi wa kwanza wanawe wakaliuza trekta. Siku linaondoka sikutoka nje. Nilisikia tu mlio wake ukipungua, ukipungua, na mlio ule naujua kuliko sauti yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo, sijui niseme nini.

Naamka kabla ya adhana, kifuani kama nimewekewa gunia la mpunga. Ugali naumeza kama maboksi. Kijiweni wameacha hata kuniuliza. Na sasa msimu wa miwa umeanza, matrekta yanapita kwenda Ruhembe, na kila likipita moja nageukia ukutani. Mwanaume wa miaka hamsini na tatu, mchana kweupe, amegeukia ukutani.

Aliyegundua ni mke wangu, Mama Halima. Alikuwa anachagua mchele, hata hakuniangalia. Akasema, "Baba Halima, huu mwezi wa tatu hujanidanganya. Unaumwa nini?"

Nikasema siumwi. Akaweka ungo chini, akampigia Rehema.

Rehema ni mtoto wa dada yangu, yuko Morogoro anasomea mambo ya ustawi wa jamii. Alikuja Jumamosi yake, akaniamkia, akakaa nami uani, akaniambia hali hii ina jina, inaitwa sonona, na yangu ni ndogo, ya mwanzo. Nikaudhika. Mimi sijawahi kuumwa kitu kidogo. Malaria yangu ya mwaka ule, daktari aliita wenzake waje kuiona.

Akaniwekea kwenye simu mafunzo ya kujitibu mwenyewe. Bure, kwa Kiswahili, unajifunza polepole ukiwa kwako. Maswali ya kuingilia alijaza yeye, Mama Halima akijibu kwa niaba yangu. Mimi nilichangia jina tu. Nikamwambia aandike na Injinia.

Kazi zenyewe si ngumu kuzisoma. Tembea nusu saa. Mtafute mtu mmoja uliyemkimbia. Kichwa kikikwambia wewe hufai, kiulize ushahidi uko wapi. Halafu andika shajara ambayo hakuna atakayeisoma. Hilo la mwisho nilimwambia Rehema ni hasara, mtu kama mimi kuandika bila wasomaji, ndipo akanifungulia ukurasa huu.

Nisidanganye, zilinisaidia kidogo. Wiki ya pili nilitembea mpaka sokoni na kurudi, na mchana ule ugali ulikuwa na ladha ya ugali. Na mbele kulikuwa na kitu nilichokingoja. Baada ya wiki ya nne, mshauri angenipigia simu. Mtu kabisa, mwenye masikio. Nilikuwa nimemwekea maneno. Mambo ya siku ile trekta linaondoka. Mambo ambayo kijiweni wangeyacheka, na mke wangu yangemtisha.

Sasa kosa.

Kila Jumatatu simu ilikuwa inauliza. Hali yako wiki hii? Nzuri. Usingizi? Mzuri. Chakula? Kinapanda. Nguvu? Ninazo. Nimebonyeza hivyo Jumatatu nne mfululizo, wala sikuwa na nia ya kudanganya. Ndivyo nilivyolelewa. Mtu mzima akiulizwa habari husema nzuri. Hata kama maiti iko ndani, unasema nzuri, unampa mgeni kiti, anapewa maji, anatulia, anauliza tena, "Za hapa lakini?" Hapo ndipo unashusha pumzi na kusema: nzuri, ila tumefiwa.

Mimi na simu tulikuwa bado kwenye salamu. Nilikuwa nangoja iulize mara ya pili.

Haikuuliza. Jana asubuhi, baada ya majibu ya Jumatatu ya nne, ikaniletea vikaratasi vya rangi vinavyoanguka kama harusini, na maneno: Hongera Injinia Kondo, hali yako ni nzuri, umehitimu. Chini yake, kwa maandishi madogo, kwamba mshauri ni kwa wale ambao bado hawajapata nafuu. Nikabonyeza kurudi nyuma. Ikagoma.

Maisha yangu yote nimehitimu kitu kimoja, na nimekihitimu kwa majibu ya uongo.

Jioni Rehema akapiga. Akaniamkia, nikaitikia. Akauliza habari za Mikumi, nikasema nzuri. Nilijisikia kabisa ninavyolitoa neno hilo, kama mtu anayejiona akianguka.

Akasema, "Mjomba, nimeona wameandika umepona."

"Ndiyo hivyo."

"Umepona?"

Hilo ndilo swali la pili. Limekuja, kutoka kwa mtoto niliyembeba mgongoni. Nikamwambia mtandao unakatakata, kisha nikakata mwenyewe.

Mama Halima alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mtandao," akasema. "Basi umepona kweli, umeanza tena kudanganya." Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Akachukua simu, akapiga, akaniwekea mkononi, akatoka nje na kuurudisha mlango.

Sikumbuki nilichomwambia Rehema. Nakumbuka sikusema nzuri. Akaniacha nimalize, na ilichukua muda, maana kuna mahali nilisimama nikajifanya nakohoa. Akasema inawezekana kufunguliwa upya, lakini safari hii maswali ya kuingilia nitajibu mimi mwenyewe. "Na mjomba, pale hakuna anayekusalimia. Chukulia uko mbele ya daktari. Daktari ukimwambia nzuri, anaita anayefuata."

Leo mchana nimejaza. Swali la kwanza linauliza ni mara ngapi, kwa wiki mbili hizi, umekosa hamu na mambo uliyoyapenda. Nilikaa nalo mpaka chai ikafanya utando. Nikabonyeza: karibu kila siku. Nimekanyaga klachi ngumu maishani mwangu, lakini kile kitufe kilikuwa kizito zaidi.

Swali la mwisho ni lile la kama umewahi kuona bora usingekuwepo. Nimejibu hapana, na ni kweli. Ila nilichelewa kulijibu kuliko nilivyotegemea. Hilo nalo nimeliweka kwenye yale ya kumwambia mshauri.

Wameandika atapiga Alhamisi, saa nne asubuhi.

Sijisikii nafuu. Kifua ni kilekile. Matrekta mawili yamepita nikiandika hapa. La kwanza niligeukia ukutani. La pili nilichungulia dirishani. Halikuwa jekundu.

Alhamisi akianza na habari yako mzee, nitasema nini? Mdomo utakimbilia nzuri, naujua, una miaka hamsini na tatu ya mazoezi. Labda nimwombe tangu mwanzo, bila aibu, kwamba mimi huulizwa mara mbili.

Kuna jambo jingine, dogo, nililiruka makusudi. Kila asubuhi saa moja simu ilikuwa ikiniandikia, "Habari za asubuhi, Injinia Kondo." Hapa Mikumi hakuna anayeniita hivyo. Hapa, wala Kilosa, wala popote. Basi kabla ya kuifungua nilikuwa nanawa uso, nachana nywele, navaa shati la kola, ndipo naisoma, na kuiitikia kwa sauti.

Leo asubuhi haikuandika kitu. Shati nilikuwa nimeshalivaa.