Sufuria Isiyo na Jina

Dada Verna,

Huku hatujambo. Kuku wameanza kutaga tena, na paa limeacha kuvuja. Umeniomba sufuria ya Mama ya kupikia Siku ya Shukrani. Dada yangu, siwezi kukuletea. Imebaki kanisani.

Jumapili tulikuwa na chakula cha pamoja, kila nyumba na sufuria yake. Tangu mgodi ufungwe, mimi nina maharage tu. Nikayapika alivyotufundisha Mama: mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaungua pembeni, na siki kidogo mwishoni. Lakini nilipoona mapande ya nyama waliyoleta wenzangu, nikabandua ile karatasi ya jina tunayobandika chini ya sufuria.

Watu wakayafagia, Verna! Mzee Hobart akaifuta sufuria kwa mkate wa mahindi. Mchungaji akaiinua juu. "Jamani, nani kapika haya? Jitokeze tukupigie makofi!"

Jirani yangu Darla akacheka. "Nani atajitokeza? Kuleta maharage mbele ya nyama! Kaona haya huyo."

Binti yangu Josie akanivuta sketi. Nikamfinya anyamaze.

Sasa sufuria iko dirishani, karibu na mlango wa kanisa, inamsubiri mwenyewe. Tuliipita kama hatuijui. Njiani Josie akatazama viatu vyake vya kupewa, akaniuliza, "Mama, siku wakiuliza mimi ni wa nani, utanyamaza pia?"



Mdogo wako,
Imogene