Mbuzi wa Ijumaa

Mama wangu wa Kirungu, pokea salamu pamoja na joto la Kalemie.

Jana wakwe wa Yulita wetu, wale Waprotestanti uliokataa kufika kwao siku ya arusi, walinichinjia mbuzi. Walisahau kwamba Ijumaa ya Kwaresima sisi Wakatoliki hatuli nyama. Nikaitazama sahani, nikaogopa kuwaaibisha. Papa mukwe, ndani ya suti yake nzuri ya abakosti, akashituka.

"Leo njo Ijumaa yao," akasema, akafunika sufuria. "Kama mugeni wetu hawezi kula nyama, basi hakuna anayekula."

Wote tukala ugali wa bukari na samaki wadogo, ndagala wa ziwani. Yulita alicheka mpaka machozi.

Fungu lako la mbuzi wamelikausha kwa moshi. Shuka milimani, Mama, ila usifike Ijumaa.

Binti yako, Ana