Mama Haikorogi Hivyo

Toa Payoh,
Singapuri.
28 Desemba 2016

Mpendwa mdogo wangu Isidra,

Hujambo huko Bacolor? Na lile goti lako limetulia, au bado linakuuma ukipanda ngazi za kanisa? Shemeji Crispulo kifua kimemwachia? Mimi nipo. Sina ugonjwa wa kuutaja. Ni uchovu tu, ule wa kulala nao na kuamka nao, tangu Bibi Quek ninayemtunza avunjike nyonga mwezi wa sita. Mzee wa watu hawezi hata kujigeuza kitandani bila mimi.

Juzi kwenye simu uliniuliza Krismasi yangu na Ning ilikuwaje, nikakujibu, "Nzuri." Sikukudanganya, ila sikukwambia yote. Kwenye simu naona uso wako, nami nikiuona uso wako nalia. Afadhali karatasi.

Unajua nilivyoshangilia Ning aliposhuka hapa Septemba kuanza kazi ya uuguzi. Miaka kumi na tisa nimeitunza Krismasi yetu huku kama mtu anayelinda moto usizimike, nikimpikia Felicidad na Wafilipino wenzangu wengine, kila mmoja na wanawe mbali. Safari hii nilikuwa na mwanangu. Nikampigia simu mapema, nikamwomba twende pamoja misa zote tisa za alfajiri.

Akanijibu, "Mama, usijisumbue. Mimi Krismasi nimeizoea bila wewe."

Hakuwa na hasira, Ising. Alisema kama mtu anayekutajia saa ya basi. Hasira ningejua pa kuishika.

Basi nikaenda peke yangu. Naondoka saa kumi, narudi kabla Bibi hajaamka. Siku ya nne padri akiwa katikati ya mahubiri, nikashtushwa na kiwiko cha Felicidad. "We Puring, amka! Unakoroma hadi padri amekosa mstari!" Benchi zima wakacheka, nami nikacheka. Siku ya saba sikwenda. Niliamka, nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, na sikumbuki nililala saa ngapi tena. Nilipozinduka kumeshakucha. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kukosa hata moja. Cha ajabu sikusikitika. Nilijiambia, kumbe inawezekana kuacha, na hakuna kinachoanguka.

Krismasi yenyewe iliangukia Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Mwana wa Bibi akaja kumchukua mama yake, akaniachia jiko nitakavyo. Nilikuwa nimeshaamua nisipike. Nikala mkate. Ilipofika saa nne, kengele ikalia, na huyo Ning mlangoni, bado na sare ya kazini, ametoka zamu ya usiku.

"Hujapika?" akauliza.

"Ulisema nisijisumbue."

"Nilisema. Lakini sikusema sina njaa."

Nikasaka haraka mchele wa kunata, manjano, tui na kipande cha kuku kilichobaki. Majani ya mgomba nilikuwa nayo kwenye friji. Nikabandika bringhe, wali wetu wa sikukuu, kama alivyotufundisha marehemu mama, nakoroga bila kupumzika ili usishike chini. Ning amesimama nyuma yangu, anatazama. Mara akasema:

"Mama haikorogi hivyo. Mama anaiacha ishike, apate ukoko."

Nikadhani ananisema mimi. "Mimi siku zote nakoroga," nikamwambia.

Akachukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha. Ndipo nikaelewa ni mama gani.

"Samahani," akasema. "Nilikuwa na maana Mama Mdogo Ising."

Mdogo wangu, mwiko ulikuwa mkononi mwangu na sikujua niufanye nini. Nikampa. "Haya, nionyeshe anavyofanya." Akapunguza moto, akasawazisha wali kwa mgongo wa mwiko, akafunika kwa majani, kisha tukakaa kwenye vigoda kusubiri. Upande mmoja uliungua. Yeye akala ule ulioungua, anautafuna kwa kelele kama mtoto, na mimi nikala wa katikati. Ulikuwa mtamu kuliko wangu. Nakuandikia hilo kwa taabu, lakini ni kweli.

Hakumaliza hata sahani. Usingizi ulimchukua kitandani kwangu, viatu miguuni. Nikamvua. Nikakaa nimeishika ile miguu na sikuitambua, Ising. Mara ya mwisho nilipomkata kucha alikuwa na miaka minne. Kidole kidogo cha kulia kina kovu. Sijui alipata wapi. Wewe unajua.

Niseme ukweli, siku nzima ile na kesho yake nilikuonea wivu. Nilikuwa na hasira nawe kana kwamba umeniibia, nami ndiye niliyekukabidhi mtoto kwa mikono yangu. Nisamehe. Usinijibu kwamba hakuna cha kusamehe, maana kipo.

Sasa nina ombi moja. Nimewahi kusikia mkizungumza kwenye simu, akikuita Mama, nawe unamsahihisha upesi: "Sema Mama Mdogo, mama yako yuko hapo." Najua unanihifadhi mimi. Acha. Mwache akuite vile ulivyokuwa kwake. Mimi nitamwambia mwenyewe Jumapili hii, tena nitamuuliza habari ya lile kovu, na kama hataki kunisimulia, nitangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyoizoea.

Nisalimie Shemeji, Kaka Amado na mkewe, na Nanay Basilia pale jirani; mwambie sala zake zinafika. Mungu awape mwaka usio na mafuriko, na miguu ya kuwapeleka mnakotaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimechoka,

Purificacion