Wa Nne Mezani: Belmiro Falcato

Baba, Jumanne hii unatimiza mwaka tangu ututoke. Meza yenu ya saruji kando ya ukuta wa kanisa bado ipo, na kila Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wenzako wanakaa hapo kucheza sueca, karata za watu wanne, wawili kwa wawili.

Miaka arobaini ulipanga mawe ya njia za mji huu, meupe na meusi, umepiga magoti. Ulipostaafu, magoti yalikataa kila kitu isipokuwa kukaa, ukakaa na karata. Ulikuwa mtu wa maneno machache. Ulipenda supu ya mkate yenye yai na kitunguu saumu. Mezani ulihesabu turufu zote kumi kichwani, ukajua nani kabakiwa na nini.

Kisha kichwa kikaanza kuchoka. Siku moja Mzee Abílio, wa upande wa pili, alianza na kopa, nawe uliyekuwa na kopa ukatupa shupaza. Katika sueca hakuna kosa kubwa kuliko hilo: mwenye aina iliyoanzishwa lazima aitoe, asipoitoa, yeye na mwenzake wamepoteza palepale. Wiki iliyofuata ulilirudia. Mzee Abílio akasema kwa sauti, hata waliokuwa mkahawani ng'ambo ya njia wakasikia: "Belmiro, karata unazisoma au unazinusa?"

Niliona aibu. Nikazifungia karata kabatini, nikakuwashia televisheni. Nilidhani nakulinda na watu.

Ulikaa dirishani miezi mitatu. Kwanza zilikupotea siku, maana Jumanne na Alhamisi ndizo zilizokuwa zinakuonyesha nyingine zilipo. Halafu vifungo vya shati. Halafu jina la mjukuu wako Benilde. Daktari aliniuliza unafanya nini mchana kutwa. Nikamjibu unapumzika. Akasema karata hazitaponya ugonjwa, lakini kichwa kisichopewa kazi huharibika haraka zaidi, nikurudishe kwa wenzako. Sikukurudisha.

Mzee Zeferino, mwenzako wa upande mmoja, ndiye aliyekuja mlangoni, kofia mkononi.

"Deolinda, mwanangu, nimemfuata mtu wangu."

"Atawaharibia mchezo, Mzee Zeferino."

"Alikuwa anauharibu hata akili ikiwa nzima. Tumebaki watatu. Watatu tunaweza kugombana tu, kucheza hatuwezi."

"Na Mzee Abílio?"

"Abílio ndiye aliyenituma. Ila usimwambie nimekwambia."

Ukarudi. Walikubaliana, wewe hujui, kwamba ukikosea hakuna atakayesema. Vifungo havikurudi. Jina la Benilde lilirudi.

Alhamisi ya mwisho kabla hujalazwa, nilisimama nyuma yako. Ulitupa uru juu ya kopa. Mzee Abílio, ambaye hajawahi kumsamehe mtu mezani, akatazama saa ya kanisa. Mzee Hermínio, mwenzake, akapangusa miwani. Wewe ukazitazama karata zako kwa muda, ukachomoa kopa, ukailaza mezani.

"Nilikuwa nayo," ukasema. "Andikeni, tumepoteza."

"Umeniua tena, Belmiro," akasema Mzee Zeferino.

"Leo Alhamisi. Jumanne nitawaua hawa wawili."

Tukirudi nyumbani ulinishika mkono, ukazitaja siku zilizobaki hadi Jumanne, moja baada ya nyingine. Hukuruka hata moja.

Nami, Baba, nalisema langu mwenyewe kama ulivyosema lako. Ile miezi mitatu ilikuwa kosa langu.

Misa yako ni Jumanne asubuhi. Mzee Abílio aliomba isiingilie saa ya karata. Tunaokukumbuka ni mimi binti yako Deolinda, mume wangu Firmino, mjukuu wako Benilde, dada yako Ermelinda, na Zeferino, Abílio na Hermínio.

Wa nne mezani sasa ni mimi. Turufu bado zinanipotea nikifika ya sita. Mzee Zeferino ananivumilia, anasema amezoea.

Jumanne na Alhamisi, na siku zote zilizo katikati, uko nasi.