Jina Lilikuwa Wazi, Kumbe Lina Mwenyewe

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini kwetu Ihanja mkubwa hapitwi bila salamu, hata akiwa amelazwa Manyoni chini ya udongo.

Nimekaa mlangoni pa mashine ya kukamua, alizeti mpya zimeanza kuingia, na mawazo yamerudi siku ile ulipokuja kwangu mara ya kwanza. Gari lilisimama barabarani, ukashuka wewe na kijana aliyevaa tai. Nikadhani ni wateja. Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikakuamkia. Ukaniuliza habari za watoto, za mvua, za mashamba. Tulipomaliza ndipo ukasema taratibu, "Mimi ndiye mwenye Mafuta Tunu."

Jina hilo nililisikia mara moja tu, kwa fundi wa tovuti mjini Singida. Unajua Tunu ni binti yangu wa kwanza, na nilipoanza kufungasha mafuta niliyapa jina lake. Fundi alipotafuta anwani ya mtandao, akakuta "mafutatunu" imeshachukuliwa. "Si neno, mama," akaniambia. "Tunageuza maneno. 'Tunumafuta' iko wazi, na ikiwa wazi ni yako." Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa kiwanja.

Ukanieleza yaliyokupata. Shule moja ya bweni huko Dodoma, wateja wako wa siku nyingi, iliagiza mafuta kwenye tovuti yangu ikidhani ni yako. Mimi nilichelewa kuyafikisha. Watoto wakala maharage yasiyoungwa, na lawama zote zikakushukia wewe. Oda ile niliikumbuka vizuri, dada. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kanisani kwa mteja mkubwa aliyenijia bila kutafutwa. Kumbe alikuwa anakutafuta wewe!

Mume wangu alikuja kutoka shambani, akasikiliza akiwa amesimama. "Hilo ni jina la mtoto wetu," akasema. "Kama ni mahakamani, twendeni."

Kijana wa tai, ambaye ndiye alikuwa wakili wako, akatueleza bila kutudharau. Kupata anwani kwenye mtandao si kupata haki ya jina. Wewe ulikuwa umelisajili kuwa alama ya biashara ya mafuta ya kula, na kugeuza maneno hakumwokoi mtu kama wanunuzi wanachanganyikiwa. Mahakama ingeweza kutuamuru tuache, tunyang'anywe anwani, lebo ziteketezwe, na fidia tulipe.

"Hata kama hatukujua?" nikauliza.

"Kutojua kunaweza kupunguza uzito, mama. Hakumpi mtu haki."

Nikatazama ukuta wa banda, jina limeandikwa kwa herufi kubwa za njano, nikaona kila kitu kinaondoka. Wewe ukaniuliza, "Huyo Tunu mwenyewe yuko wapi?" Nikamwita. Akatoka jikoni na mikono ya unga, akapiga goti, akakuamkia. Ulimwekea mkono kichwani.

"Jina la mtoto ni lake," ukasema. "Hakuna wakili wa kumvua. Lakini kwenye mafuta, mwenzangu, mimi nilitangulia. Nimelitembeza stesheni ya Manyoni, dirisha kwa dirisha, nikiwauzia wasafiri wa treni chupa mojamoja. Siwezi kuliacha."

Hukupaza sauti hata kidogo. Nilistaajabu, na mpaka leo nastaajabu. Mwenye uwezo wa kuniangusha alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, ananieleza kama tumezaliwa tumbo moja.

Mume wangu akajaribu tena. "Basi sisi tutaandika Tunu Halisi."

Ulicheka mpaka ukatoa machozi! "Baba Tunu, hilo ndilo litakalokufikisha mahakamani mbio. Mimi nitakuwa Tunu bandia?" Naye akashindwa, akacheka, hasira ikamtoka. Mkala kwetu ugali wa uwele na mlenda, tukakubaliana: tovuti tuifunge, lebo tuzibandue, fidia hukutaka. Siku tulipopaka chokaa ukutani, Tunu alilia.

Nilipokuja Manyoni kukuomba ushauri, ulinifundisha nianze kwa kuuliza kwenye usajili wa alama kabla sijamwendea fundi yeyote. "Kisha litamke kwa sauti," ukasema. "Sikio likikosea, mnunuzi naye atakosea." Tukatupa majina mengi jioni ile, mpaka tukalipata Mchana, lisilofanana na la mtu.

Halafu ukafanya jambo ambalo sijaliona kwa mfanyabiashara mwingine. Tunu alifungua tovuti yako kwenye simu, akanisomea: "Mnaomtafuta Mama Tunu wa Ihanja, mafuta yake ni mazuri, siku hizi yanaitwa Mchana. Mpigieni." Na namba yangu chini yake. Mume wangu akaomba asomewe tena, kisha akakaa chini. Nani huwaelekeza wateja kwa mshindani wake? Tangu siku hiyo nikakuita dada, nawe ukaitika.

Sasa umekwenda. Tulikuja mazikoni wote watatu. Nilikaa na wanawake wa kwenu, wakanipokea kama mmoja wao, nami sikujua maneno ya dua zenu, nikasema za kwangu kimoyomoyo. Natamani ungeyaonja mafuta ya msimu huu. Nikishika simu, kidole bado kinaenda kwenye jina lako.

Tulipokuwa tunaagana, wakili wako alinivuta pembeni. Akaniambia kwamba siku ile mlipokuja Ihanja, kesi ilikuwa imeshaandikwa, iko kwenye mkoba wake, na njia nzima alikuwa anakuhimiza uipeleke moja kwa moja mahakamani Singida. Mlipofika kijijini kwetu ukamwambia dereva asimamishe gari.

"Mama, tunasimama kufanya nini?" wakili akakuuliza.

Ukamjibu, "Huyo mtu hatujasalimiana."

Lala salama, dada. Mungu akupe makao mema.

Mdogo wako wa Ihanja,
Mama Tunu